Bodi Niliyoitukana Ikaniomba Niingie

Watu niliowaita wauaji mbele ya jeneza la binti yangu walikuja kwangu wamevaa suti, wakaniomba niwe mwenzao.

Sitanii.

Ilikuwa Jumapili mchana, wiki moja baada ya Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba. Nilikuwa jikoni na dada yangu Leopoldina, tunakunywa supu ya sukuma na viazi. Kengele ya mlango ikalia.

Nikafungua. Nikamkuta Daktari Evaristo, mwenye duka la dawa, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa bodi ya chama chetu cha zimamoto. Nyuma yake alisimama Mwalimu Graciete, katibu wa bodi hiyo hiyo.

Nikawaambia, "Mmekosea nyumba."

Daktari akavua kofia. "Hatujakosea, Fundi."

Sasa ngoja niwarudishe nyuma kidogo, maana nikianzia mlangoni hamtanielewa.

Majina yote humu nimeyabadilisha, hata langu. Niiteni Adérito. Mji wetu siutaji. Ni mji mdogo wa milimani katikati ya Ureno, umezungukwa na misonobari na mikaratusi, na kila kiangazi tunalala jicho moja wazi kwa ajili ya moto.

Kwetu zimamoto wengi ni wa kujitolea. Chama ni cha wananchi wenyewe. Kina bodi inayochaguliwa, na wajumbe wake ni watu wa kawaida tu: mfamasia, mwalimu mstaafu, mwenye mgahawa, karani wa mahakama. Hakuna anayelipwa. Lakini wao ndio wanaoamua gari lipi liende motoni na lipi lipumzishwe.

Mimi nilikuwa fundi wa mabasi katika jiji la Coimbra kwa miaka thelathini na nne. Injini ya dizeli naisikiliza kama vile daktari anavyosikiliza kifua cha mtu. Sijisifu. Ndicho kitu pekee ninachokijua duniani.

Mke wangu Otília alifariki binti yetu Iolanda akiwa na miaka tisa. Sikuwa na wa kumwachia. Nikawa nakwenda naye karakana.

Mtoto akakulia chini ya boneti. Wenzake wanachezea wanasesere, yeye ananishikia taa na kuniuliza, "Baba, hii inaumwa nini?"

Alipofika miaka kumi na tisa akajiunga na zimamoto.

Tuligombana, we acha tu. Nilivunja sahani siku ile. Nikamwambia moto hauna adabu, haujui mtoto wa nani ni wa nani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaokota vipande vya sahani, kesho yake akaenda mazoezini.

Baada ya miaka mitatu hivi akanijia na jambo jingine.

"Baba, kwenye bodi kuna nafasi. Wanatafuta mtu anayejua magari."

"Wamtafute."

"Nimekupendekeza wewe."

"Mimi? Nikakae meza moja na daktari na mwalimu, nizungumze nini?"

"Magari! Baba, pale hakuna hata mmoja anayejua tofauti ya klachi na kabureta. Wanapiga kura juu ya vitu wasivyovijua."

"Sina muda."

"Umestaafu!"

"Ndiyo sababu sina muda."

Akacheka, nikacheka, yakaisha. Mwaka uliofuata akarudia. Nikakataa. Mara ya tatu hakucheka.

"Baba, niambie ukweli. Kwa nini hutaki?"

Nikamtolea uvivu. "Kwa sababu nikiketi pale nikapiga kura, nitakuwa nimekubali wewe uende motoni. Acha wewe kwanza, halafu mimi nitaingia."

"Mimi nitakwenda ukubali usikubali. Bora basi niende na gari ulilolisikiliza wewe."

"Nimeshasema."

"Ukaidi wako ungekuwa kuni, baba, tungeota moto miaka mitano."

Akanibusu kipara, akaondoka.

Hiyo ndiyo sababu niliyompa, na ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine nilikuwa naona haya. Wale watu wamesoma. Mimi mikono yangu haitakati hata niisugue na mchanga. Na nusu ya tatu, kama nusu inaweza kuwa ya tatu, nilitaka kumshinda mwanangu. Nilidhani nikikaza, siku moja atachoka, atarudi nyumbani.

Hakurudi.

Agosti, wiki ya tatu. King'ora kikalia saa nane mchana. Moto ulikuwa umeshika bonde la pili, upepo unatoka mashariki, mkavu kama pumzi ya tanuri. Gari la kwanza lilikuwa limeshatoka. Wakapanda la pili, gari la miaka thelathini na moja, watu wanne. Dereva alikuwa Gaspar, mtu mzima, fundi seremala. Iolanda alikaa pembeni yake.

Haya niliambiwa na Gaspar mwenyewe, hospitalini, mikono yake imefungwa bendeji mpaka kwenye viwiko.

Walikuwa wanapanda njia ya vumbi katikati ya mikaratusi. Upepo ukageuka. Gaspar akakanyaga mafuta wapite haraka. Gari likakohoa. Likakohoa tena. Likazima.

"Nikasema shukeni, kimbieni chini. Wale wawili wakakimbia. Iolanda akashuka, akafungua boneti."

"Akafungua boneti?"

"Nikampigia kelele, Iolanda, twende! Akasema, dakika moja, Gaspar, hii naijua. Akawa anapampu dizeli kwa mkono, kile kipampu kidogo cha pembeni. Nikamshika. Akanisukuma. Akasema, likiwaka tunatoka wote. Halafu moshi ukatuziba. Nikaingiza mikono nimtafute, Fundi. Nikamtafuta..."

Akashindwa kumaliza. Nami sikumtaka amalize.

Kipampu kile cha mkono nilimfundisha mimi. Alikuwa na miaka kumi na moja. Injini ikiingia hewa kwenye njia ya dizeli, inazima, na unairudisha kwa kupampu mpaka hewa itoke. Nilimfundisha kwenye basi bovu, siku ya mvua, tukiwa na mkate wa mahindi mfukoni.

Nilimzika mwanangu akiwa na miaka ishirini na nne.

Makaburini walikuja zimamoto wa wilaya nzima, wamevaa sare. Bendera juu ya jeneza. Daktari Evaristo akanisogelea anipe mkono.

Mwenzenu nikawaka.

"Nani alilipitisha gari lile?" Nilipiga kelele mpaka padri akanyamaza. "Nani kati yenu nyie mnaovaa tai alisema linafaa? Wauaji! Mmemuua mwanangu!"

Daktari akainamisha kichwa. "Ni mimi, Fundi Adérito. Nisamehe."

Nikamtemea mate. Yakaangukia kiatu chake.

Hakujifuta. Na kitu nilichokiona siku ile, nikakihifadhi moyoni kama ushahidi, ni kwamba hakuna mtu aliyenitazama usoni. Watu mia tatu, wote macho chini. Nikasema moyoni, wana hatia hawa. Wote wanajua kitu.

Ikawa hivyo kiangazi chote kilichobaki, na baada yake. Nikiingia mgahawani, maongezi yanakatika. Nikitaka kulipa kahawa, naambiwa imeshalipwa. Nikipita njiani, wanawake wanasema "Pole, Fundi" kwa sauti ya chini kisha wanageukia ukuta.

Nikamwambia Leopoldina, "Unaona? Wanaona haya. Wananinunua kwa kahawa."

"Usinywe basi."

"Siinywi. Naiacha mezani ipoe waione."

Oktoba ikatoka ripoti ya wachunguzi. Kurasa arobaini, nami niliitafuta ile moja tu inayotaja chanzo. Injini ilizima kwa sababu ya hewa kwenye njia ya dizeli. Mpira ulikuwa na ufa. Gari likiwa tambarare, linakwenda vizuri. Likipanda mlima na joto likizidi, ufa unafunguka, unavuta hewa.

Nilicheka, kicheko kibaya.

Mpira wa dizeli! Kitu cha bei ya vikombe vitano vya kahawa. Ningeugundua nikiwa nimefumba macho, kwa kulipandisha tu gari ule mlima wa kanisani na kusikiliza.

Nikatoka nilivyo, na kandambili, mpaka duka la dawa. Wateja wamejaa.

"Daktari! Una dawa ya uzembe?"

Akaweka chini boksi alilokuwa ameshika. "Fundi, karibu ndani tuzungumze."

"Tuzungumze hapa hapa. Wewe hujui gari. Kuna mtu alikuambia lile gari linafaa. Ni nani?"

Wateja wote wakawa wanasoma maandishi ya dawa za kikohozi.

"Uamuzi ulikuwa wangu," akasema. "Mwenyekiti ni mimi. Kosa ni langu."

Jamani, mtu asiyejitetea anaudhi kuliko mwongo. Nilitaka anirudishie hata neno moja nipate pa kupiga. Hakunipa. Nikatoka nikipiga teke mlango.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Ndio hao, wamesimama mlangoni kwangu.

Nikawaruhusu kuingia kwa sababu Mwalimu Graciete ni mzee na mvua ilikuwa inaanza. Leopoldina hakuwapa hata kiti. Akakunja mikono.

Daktari akasema, "Fundi, mimi najiuzulu. Desemba kuna mkutano mkuu, tunachagua bodi mpya. Wanachama wanakuomba uingie."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Niingie wapi?"

"Kwenye bodi."

Leopoldina akaruka kabla sijafungua mdomo. "Eh! Mnatafuta pambo! Mumweke baba wa marehemu katikati mpigwe picha, watu wasahau. Hamna haya?"

"Dada Leopoldina," Mwalimu Graciete akasema taratibu, "una haki ya kusema hivyo."

"Siombi haki kwako."

Nikamuuliza Daktari, "Kwa nini mimi? Nimekutemea mate."

Akatazama kofia yake. "Iolanda alikupendekeza mara tatu. Imeandikwa kwenye kumbukumbu za vikao. Tunahitaji mtu anayejua magari. Na jambo la pili..." akasita. "Hatupendi ulibebe hili peke yako, Fundi."

Nilidhani anasema msiba.

Nikawaambia nitafikiri. Wakaondoka na mvua yao.

Leopoldina akanishukia kama mwewe. "Ufikirie nini? Watakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kaka. Ukiketi nao siku moja tu, umewasamehe. Ndicho wanachotaka."

"Najua."

"Sasa?"

"Lakini huko kuna kitabu."

Akanielewa haraka, dada yangu si mjinga. "Cha kumbukumbu?"

"Kila kikao kimeandikwa. Aliyelipitisha gari lile yumo. Evaristo anamficha mtu. Nitamjua, nitakula naye sahani moja."

Sikulala vizuri wiki ile. Sikuwa nawaza bodi, nawaambia ukweli. Nilikuwa nawaza jina. Nilijaribu majina ya mafundi wote wa wilaya, nikawa nawatengenezea maneno ya kuwaambia.

Jumanne ya pili yake, asubuhi, nikaenda kituo cha zimamoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka ule mlango. Miaka mitano mwanangu ametumika pale, mimi sijawahi hata kuingia kunywa maji.

Nikamwambia Mwalimu Graciete, "Kabla sijawajibu, nataka kusoma kumbukumbu za mwaka huu. Zote."

Uso wake ukabadilika. "Zote, Fundi?"

"Kuna kitu mnaficha?"

Akafungua kabati, akaniwekea kitabu kikubwa cheusi mezani. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu. Hakutoka chumbani.

Mwandiko wake ni mzuri, wa kimwalimu. Nikasoma Januari. Nikasoma Februari, nikakuta jina langu: Fundi Adérito amependekezwa na zimamoto Iolanda kwa mara ya tatu, amejibu kwamba hana nafasi. Nikapita. Nikafika Mei.

Kikao cha kwanza cha Mei kiliandikwa hivi: Gari namba mbili linakohoa likipanda mlima. Mjumbe mmoja amependekeza lipumzishwe mpaka litazamwe na fundi. Zimamoto Iolanda ameeleza kwamba likipumzishwa, bonde la pili litabaki bila gari kiangazi chote. Amesema atamwomba baba yake alitazame Jumamosi.

Nikaufuata mstari ule kwa kidole mpaka mwisho.

Nikafunua ukurasa.

Kikao cha Jumatatu iliyofuata: Zimamoto Iolanda ameleta taarifa kwamba baba yake, Fundi Adérito, amelikagua gari namba mbili siku ya Jumamosi kwa muda wa saa tatu, amesafisha vichujio, na amesema linafaa kwa kazi. Bodi inamshukuru Fundi Adérito. Gari linarudishwa kazini.

Chini yake saini tano.

Nikausoma tena. Nikausoma tena.

Jina nililolitafuta miezi mitatu lilikuwa langu.

Ndugu zangu, mimi sikulitazama gari lile. Sikuligusa. Sikuwahi hata kuliona likiwa limesimama.

Jumamosi ile naikumbuka. Iolanda alinikuta uani nachanganya dawa ya mizabibu.

"Baba, twende kituoni saa moja tu. Kuna gari linakohoa."

"Nina mizabibu ya kupulizia."

"Mizabibu itakuwepo kesho."

"Na gari lenu pia litakuwepo kesho. Mimi sina kazi na watu wale."

Hakubishana. Alisimama kidogo, akaingia karakana yangu ya nyumbani, akatoka na sanduku la spana. Nikamwona. Nikadhani anakwenda kumwazima mtu.

Jioni yake, tukiwa tunakula samaki mkavu na viazi, akaniuliza kama vile anauliza habari za hali ya hewa, "Baba, gari likikohoa mlimani tu, na tambarare liko sawa, huwa ni nini?"

Na mimi, mimi baba yake, nilimjibu nini?

"Waulize hao wakubwa wako wa bodi."

Akainama akaendelea kula.

Jibu lilikuwa maneno mawili. Mpira, hewa. Nilikuwa nayo mdomoni pamoja na samaki.

Pale kituoni nikafunga kitabu. Mwalimu Graciete akazunguka meza, akanishika bega.

"Fundi, basi. Hakuna anayekulaumu. Tulijua siku moja utakisoma."

"Mlijua..."

"Ulipotutukana makaburini, tulisema maskini, hawezi kuubeba mzigo huu, acha atutupie sisi. Daktari akatukataza kutamka. Wachunguzi walipouliza nani aliamua, akasema bodi ndiyo inayoamua, na mwenyekiti ni yeye. Wakaandika hivyo."

"Mji mzima unajua?"

"Mji mdogo, Fundi."

Kumbe zile kahawa. Kumbe yale macho chini. Watu mia tatu walikuwa wananihurumia, mimi nikihesabu ni hatia yao.

Nikamuuliza, "Na kwa nini hamkuja kunishukuru, mwezi ule wa Mei?"

Akatabasamu kwa huzuni. "Iolanda alitukataza. Alisema, baba yangu mkali, hapendi kushukuriwa, msimwambie chochote. Jumamosi ile sote tulikuwa kwenye gwaride la wilaya, alibaki yeye kushika simu. Alikuja kikaoni Jumatatu na grisi bado iko kwenye kucha. Tukamtania. Akasema alikuwa anakushikia taa."

Alikuwa anakushikia taa.

Saa tatu. Peke yake. Na spana zangu. Alifanya kila nilichomfundisha, hatua kwa hatua, na alichokosa ni kile kimoja ambacho hakifundishwi kwa mtoto wa miaka kumi na moja. Hakipatikani kwa macho, kinapatikana kwa sikio.

Halafu akasimama mbele ya watu watano wazima akasema uongo. Alitaka bonde lile lisibaki bila gari, hilo naamini. Lakini angeweza kuwaambia baba amekataa. Hakutaka wajue kwamba baba yake amekataa.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema, Mwalimu, mimi sikuja. Alidanganya.

Maneno yalifika kwenye meno.

Ukutani nyuma ya Mwalimu palikuwa na picha yake, amevaa kofia ya kazi, anacheka, pengo la jino linaonekana. Nikawaza mikono ya Gaspar. Gaspar ambaye hawezi tena kushika randa, na kila Jumapili anaweka maua kwenye kaburi la mwanangu. Nikisema, kesho Gaspar atajua kwamba aliyempandisha kwenye lile gari kwa uongo ni huyu anayemwekea maua.

Nikafunga mdomo. Nikafungua tena.

"Ndiyo," nikasema. "Nililitazama. Ule mpira sikuusikia."

Mwalimu Graciete akanikumbatia, akalia. Mimi chozi halikutoka. Nilikuwa nimeumia mahali ambapo hapana machozi.

Nikatoka pale moja kwa moja mpaka duka la dawa. Daktari Evaristo alikuwa peke yake. Aliponiona, akaweka mikono yote miwili juu ya kaunta, kama mtu anayesubiri kipigo.

"Nimesoma kitabu," nikamwambia.

Akafumba macho. "Pole, Fundi."

"Kwa nini hukunijibu siku ile? Mbele ya wateja wako? Ungesema neno moja tu ningekufa pale pale."

"Ndiyo sababu sikulisema."

"Nilikutemea mate, Daktari."

"Kiatu kinafutika."

Nikamwambia nisamehe. Akasema hakuna deni. Akanitolea kiti nyuma ya kaunta, akafunga mlango wa duka saa tano asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka arobaini, tukakaa hapo mpaka kengele ya kanisa ikapiga mchana.

Mara mbili nilitaka kumwambia kilichotokea Jumamosi ile. Mtu kama yule angeweza kutunza siri. Nilishindwa. Uongo wa binti yangu ulikuwa ndicho kitu cha mwisho alichonitengenezea kwa mikono yake, sikuweza kumpa mtu mwingine akishike.

Leopoldina nilipomwambia naingia kwenye bodi, akapiga meza. "Umempata basi? Nani?"

"Hakuna mtu."

"Kaka, unanificha."

"Hakuna mtu, dada. Ni gari tu, lilizeeka."

Hakuniamini, lakini alinitazama usoni akaacha. Hajauliza tena mpaka leo.

Desemba nikachaguliwa. Mwenyekiti wa mkutano aliposema wanaomkubali Fundi Adérito wanyooshe mikono, mkono wa kwanza kunyooka ukumbini ulikuwa wa Gaspar. Ule mkono wenye ngozi inayong'aa kama nta. Aliunyoosha juu kabisa, akanitazama, akatikisa kichwa kunipa moyo.

Kunipa moyo mimi.

Maumivu nimeyasimulia mengi humu. Yafuteni yote. Hiyo ndiyo ilikuwa yenyewe.

Sasa ni mwaka wa sita niko kwenye bodi. Kila Jumamosi nalipandisha kila gari mlima wa kanisani, kioo wazi, nasikiliza. Watu wakiniona wanaambiana, Fundi wa watu anafidia kosa lake. Wanasema kweli. Kosa lenyewe tu ndilo hawalijui.

Daktari Evaristo tulimzika mwezi uliopita. Nililibeba jeneza upande wa kulia. Ndipo nikaona siwezi tena kukaa nalo lote peke yangu. Kule kwetu nitaendelea kusema nililitazama gari lile, mpaka na mimi nibebwe. Hapa, ambako hakuna anayemjua binti yangu wala mimi, nimesema lililotokea.

Najua mtauliza nimejifunza nini. Sina mengi.

Ukiombwa kuketi mahali ambapo maisha ya watu yanaamuliwa, unaweza kukataa. Si dhambi. Kuna wanaokataa kwa sababu wanauguza, wengine wana kazi mbili, wengine hawawezi. Lakini kaa na sababu yako uiangalie vizuri kabla hujaitamka. Mimi nilisema sina muda, na nilikuwa nao mwingi. Nilikuwa nashindana na mwanangu, naye hata hakujua kwamba kuna mashindano.

Yeye alikuwa ananisubiri tu niende.

Na siku ambayo sikwenda, mbele ya wale watu, alisema nimekwenda.